Imeili zinaingia ila hazitoki? Angalia poti 25

Juzi nimekaa na dada mmoja wa ofisini, invoisi zote za wiki kazirundika kwenye Drafts maana kila akituma, Thunderbird (programu ya imeili) inazunguka weee halafu inaleta kosa, na wakati huohuo imeili za wateja zinaingia kama kawa. Alishabadilisha paswedi mara tatu. Jamani, paswedi ikiwa mbaya seva inakujibu hapohapo kwamba imekataa, ila ukisubiri mpaka inachoka bila jibu lolote, hapo shuku poti, yaani ule mlango wenye namba ambao imeili inapitia kwenye mtandao.

Kampuni nyingi za intaneti zinafunga poti 25 kwa wateja wa kawaida, kwa sababu kompyuta zenye virusi zinaitumia kumwaga spamu na mwisho IP (anwani za mtandao) za kampuni nzima zinaingia blaklisti. Kupokea kunapita kwingine, IMAP (njia ya kupokea imeili) ni poti 993, ndo maana huku kunaenda kule kumeganda. Usimalize vocha kuwabembeleza wafungue, 25 ni ya seva kuongea na seva, wewe yako ni 587 na imetengwa kwa kazi hiyo tangu 1998.

Hakikisha kwanza. Kwenye Windows fungua PowerShell uandike:

Test-NetConnection smtp.gmail.com -Port 25

Rudia na 587. TcpTestSucceeded ikiwa False kwa 25 na True kwa 587, mchawi umeshampata.

Sasa kwenye Thunderbird ingia Account Settings, shuka chini kabisa kwenye Outgoing Server, bonyeza Edit. Futa 25 weka 587, Connection Security weka STARTTLS, Authentication Method kwa imeili ya domeni yako kawaida ni Normal password (Gmail chagua OAuth2), na User Name andika anwani nzima mpaka baada ya @, wengi wanaandika jina tu wanakwama hapo. 587 nayo ikigoma jaribu 465, ila hapo lazima usalama uwe SSL/TLS, ukiiacha STARTTLS itaganda vilevile.

Printa ya ofisi inayoskani na kutuma imeili ina tatizo hilohilo, nayo ibadilishe poti. Kama inatumia Gmail, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwanza halafu utengeneze app password, ile ya herufi 16, ndo uiweke kwenye printa.

Ukimaliza jitumie moja ya majaribio, ikifika rudi Drafts uzitume zile zilizolala, moja moja, na ucheki kila moja imeingia Sent.