Kumjua fundi mmoja mmoja: hatua ninazofuata karakanani

Nasimamia karakana ya fanicha kando ya Barabara ya Ngong, Nairobi, mafundi 11. Zamani niliwaongoza wote kwa kelele moja. Siku hizi naanza na mtu mmoja mmoja, hivi:

Hatua ya 1. Nunua daftari, kila fundi mpe ukurasa wake. Wiki nzima usimkosoe mtu, andika tu. Nani hukimbilia kazi gani kabla hajatumwa? Wenzake wakikwama humwendea nani? Nilikuwa na kijana aliyeharibu mbao kila aliposhika msumeno, nami nilikuwa karibu kumfuta. Kumbe wenzake walikuwa wakimpelekea meza zao kimyakimya awapigie msasa. Nikamhamishia kwenye msasa na vanishi. Sasa mahogani ikitoka mikononi mwake, mteja huipapasa kwanza ndipo aulize bei.

Hatua ya 2. Zungumza na kila mmoja peke yake, ila si ofisini. Ukimwita ofisini atadhani anafutwa. Sisi hukaa kibandani kwa mama wa chai, saa nne. Uliza mawili tu: "Ni kazi gani ukiishika hata njaa huisikii?" na "Hapa kwetu ni nini kinakupotezea muda?" Kisha nyamaza. Hapo ndipo pagumu. Mimi hushika kikombe kwa mikono miwili nisije nikamkatiza. Swali la pili liliniaibisha: watatu walikuwa wakingojeana randa moja, nami nikiwaita wavivu.

Hatua ya 3. Rekebisha kifaa kabla ya kumrekebisha mtu. Nilinunua randa ya pili, maneno yakaisha.

Hatua ya 4. Ukisifu, taja kitu chenyewe. "Kazi nzuri" huingia sikio hili ikatokea lile. "Kiungio hiki hakichezi hata kidogo" fundi huenda nayo nyumbani. Mwenye haya mwambie kando.

Hatua ya 5. Mpeleke akapimwe. Mafundi wengi mjini walijifunza kwa kutazama, hawana karatasi yoyote. NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, pale Industrial Area, huwatahini kwa madaraja: la tatu, la pili, hadi la kwanza. Waajiri hutozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo, na wengi huzilipa wakazisahau. Ukizilipa unaweza kuomba urejeshewe gharama za mafunzo, mradi upate idhini kabla hujampeleka mtu.

Hatua ya 6. Usimpandishe mtu cheo kabla hujamuuliza. Fundi wangu hodari kuliko wote, mzee wa makamo, nilimfanya nyapara nikidhani namtunuku. Miezi miwili akawa hacheki, na makabati yakaanza kutoka yamepinda, maana mkono wake haukuwa tena kwenye mbao. Siku moja akaja: "Bosi, nirudishie benchi yangu." Nilimrudishia, na nyongeza ya mshahara nikamwachia.