Chule kwenye Mwembe wa Uani: Namna ya Kuitambua na Kuidhibiti

Miembe mingi ya Dar es Salaam huchanua wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, na ndipo mwenye nyumba anapoona mashada ya maua yakikauka na kuwa meusi, akakimbilia duka la pembejeo kununua dawa yoyote atakayopewa. Namsihi asitoe fedha kabla hajaukagua mti, kwa sababu weusi wa mwembe una visababishi kadhaa, na dawa ya kimoja haikitibu kingine.

Pangusa jani kwa kitambaa chenye maji. Weusi ukitoka kama masizi, huo ni ukungu unaoota juu ya utomvu mtamu wa wadudu kama vidung'ata, hivyo wa kushughulikiwa ni wadudu. Mashada yakiwa na unga mweupe, ni ubwiriunga. Embe linalooza likikutwa na funza ndani, ni kazi ya inzi wa matunda. Lakini madoa meusi yasiyofutika kwenye majani machanga, vikonyo vya maua na ngozi ya embe, hasa yakishuka kwenye tunda kama michirizi ya machozi, ni dalili ya chule.

Chule ni ugonjwa wa kuvu. Vimelea vyake hukaa kwenye vijiti vilivyokufa, majani makavu na matunda yaliyokaukia mtini, kisha husambazwa na matone ya mvua. Embe huweza kuambukizwa likiwa changa, likabaki safi machoni hadi linapoanza kuiva, na kwa hiyo anayenyunyizia baada ya kuona madoa kwenye embe bivu amekwisha kuchelewa.

Kazi kubwa, kwa maoni yangu kubwa kuliko dawa, hufanyika mara baada ya mavuno. Kata matawi makavu, yanayosongamana na yanayolalia bati au ukuta, ili mwanga na upepo vipite katikati ya mti na majani yakauke upesi baada ya mvua. Usingoje hadi Juni, kwa kuwa utaondoa machipukizi yenye maua. Futa msumeno kwa spiriti, okota takataka zote na uzifukie mbali. Kuzichoma chini ya mti huunguza matawi na mizizi.

Dawa ya chule yenye kopa (shaba) hupigwa mashada yanapochomoza, kabla maua hayajafunguka, na hurudiwa kama kibandiko kinavyoelekeza. Ubwiriunga hutibiwa kwa salfa, ambayo haipigwi juani kwa sababu huunguza maua. Nunua dawa iliyosajiliwa na TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, vaa glavu na barakoa, funika kisima na tangi la maji, fungia kuku, na unyunyizie jioni isiyo na upepo, nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Mwembe mrefu usiofikiwa na bomba la mgongoni upunguzwe kimo kidogo kidogo kwa misimu kadhaa, kwa ushauri wa afisa ugani wa kata.