Kuokoa programu za ZX Spectrum kutoka kwenye kaseti, na kuzijaribu ipasavyo

ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani, ilitoka Uingereza Aprili 1982, kazi ya Sinclair Research ya Cambridge. Haikuja na diski. Michezo ya dukani na programu ambazo watu walijiandikia wenyewe sebuleni zilikaa kwenye kaseti za kawaida, zilezile za muziki. Nyingi zimeshapita miaka 40. Kama una boksi la kaseti hizo, fuata hatua hizi. Spectrum yenyewe hutaihitaji mpaka karibu na mwisho.

Nasisitiza jambo moja mapema: kinachookolewa kwanza ni sauti. Wengi hukimbilia faili la TAP (data iliyotolewa kwenye sauti hiyo), na mchezo ukishafunguka wanafuta rekodi. TAP ni kile tu ambacho programu ya kusoma imedhani imekisikia. Ukiwa na sauti ghafi, unaweza kuisoma upya hata kaseti ikishaoza.

Hatua ya 1: Kagua kaseti

Vunja vijino viwili vya juu kama bado vipo, ili hata ukikosea kitufe usirekodi juu yake. Tazama kama utepe una ukungu mweupe. Wenye ukungu usiuingize kwenye redio yako nzuri. Angalia pia kipedi kidogo kinachosukuma utepe kwenye hedi (kichwa kinachosoma utepe). Kikiwa kimebanduka, hamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine yenye skrubu. Kisha peleka utepe mbele hadi mwisho na uurudishe, ili mizunguko iliyogandana iachane.

Hatua ya 2: Andaa redio kaseti

Safisha hedi kwa pamba na spiriti, usubiri ikauke. Kigurudumu cha mpira kifute kwa kitambaa chenye unyevu, maana spiriti huchakaza mpira.

Kisha skrubu ya kulaza hedi, ile yenye springi. Fundi yeyote aliyewahi kuhangaika na kaseti za taarabu zenye sauti iliyofifia anaijua. Cheza kaseti, izungushe kidogo kidogo kushoto na kulia, usimame pale mlio unapokuwa mkali kuliko kote. Fanya hivyo kwa kila kaseti, kwa sababu kila moja huenda ilirekodiwa na mashine iliyolaza hedi yake kivingine. Kaseti nyingi zinazoitwa mbovu zinaponea hapa.

Hatua ya 3: Rekodi sauti

Unganisha redio na kompyuta kwa waya. Kama laptopu yako ina tundu la maikrofoni tu, nunua adapta ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia sauti. Katika Audacity (programu ya kurekodi sauti) weka 44100 Hz, biti 16, stirio. Zima Dolby na kila kinachodai kupunguza kelele. Kilele cha sauti kikae karibu na −6 dB. Kikigonga juu kabisa, mawimbi yanakatwa vichwa na huwezi kuyarudisha.

Rekodi upande mzima bila kusimamisha, uhifadhi kama WAV, mfano `A-1.wav`, yaani upande A, rekodi ya 1. Usiwe na haraka ya kutupa chaneli moja ya stirio: mara nyingi upande mmoja wa hedi husoma vizuri kuliko mwingine.

Utasikia mlio mrefu wa takriban 807 Hz kwa sekundi 5, mkwaruzo mfupi, kimya, mlio tena wa sekundi 2, halafu mkwaruzo mrefu. Mkwaruzo mfupi ni heda (jina na maelezo ya faili), mrefu ni data.

Hatua ya 4: Geuza sauti kuwa faili

Kwenye Debian au Ubuntu (mifumo ya Linux):

`sudo apt install fuse-emulator-gtk fuse-emulator-utils spectrum-roms`
`audio2tape A-1.wav A-1.tap`
`tzxlist A-1.tap`

Kifurushi cha ROM (programu ya ndani ya Spectrum) kiko sehemu ya non-free kwa upande wa Debian. Amstrad, walionunua biashara ya kompyuta za Sinclair mwaka 1986, waliruhusu ROM hizo zisambazwe pamoja na emuleta, yaani programu zinazoiga Spectrum kwenye kompyuta ya leo.

Inafaa uijue heda kwa macho yako. Mtu akiandika `SAVE "picha" CODE 16384,6912`, yaani kuhifadhi skrini nzima, TAP inaanza hivi (kwa namba za heksadesimali, msingi wa 16):

`13 00 00 03 70 69 63 68 61 20 20 20 20 20 00 1B 00 40 00 80 8B`

`13 00` ni urefu wa bloku, baiti 19. `00` inasema hii ni heda. Data huanza na `FF`. `03` ni aina, yaani baiti tupu (programu ya BASIC, lugha ya Spectrum, ingekuwa `00`). Jina hujazwa nafasi hadi herufi 10. `00 1B` ni 6912, na `00 40` ni 16384, zote zikianza na baiti ndogo. `8B` ya mwisho ni ya uhakiki: XOR (hesabu ya kulinganisha biti kwa biti) ya zote zilizotangulia, ukiacha zile mbili za urefu. Ukipata heda yenye jina kama `pic(a`, hapo kuna biti zilizogeuka.

Michezo mingi ya dukani ilitumia vipakiaji vyake vyenye kasi tofauti, kama Speedlock, ili isinakiliwe. TAP haihifadhi muda wa mawimbi, kwa hiyo michezo hiyo itoe kama TZX, faili linalotunza muda huo.

Hatua ya 5: Rekodi mara ya pili

Wengi huruka hatua hii, na mimi naiona ndiyo kiini cha kazi. Biti moja ikigeuka, XOR inakataa. Lakini biti mbili za nafasi ileile zikigeuka katika baiti mbili tofauti, zinafutana na hesabu inakubali. Faili linaonekana safi kumbe lina kasoro.

Rudisha kaseti, rekodi upya, geuza, kisha:

`cmp -l A-1.tap A-2.tap`

Isipotoa neno, mafaili ni sawa. Ikitoa namba, safu ya kwanza ni mahali pa baiti; rekodi mara ya tatu uone ipi inaungwa mkono. Usilinganishe WAV kwa WAV, hazitafanana kamwe.

Hatua ya 6: Jaribu kwenye emuleta

Fungua Fuse (emuleta uliyoweka Hatua ya 4), chagua modeli ya 48K, uzime chaguo za kuharakisha upakiaji ili kila wimbi lisomwe kama kwenye mashine. Kisha `LOAD ""`. Ukitaka kusoma BASIC bila ijiendeshe, tumia `MERGE ""` halafu `LIST`.

Kufunguka si ushahidi. Baiti iliyoharibika inaweza kuwa kwenye picha za ngazi ya saba. Cheza mchezo mbali, pitia kila chaguo la menyu, hifadhi data na uisome tena.

Hatua ya 7: Mashine halisi

Kabla ya kuiwasha, kagua adapta: volti 9, na ncha ya katikati ni hasi, kinyume cha adapta nyingi za leo. Ikiwaka, pima kumbukumbu:

`PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733`

Jibu la 65535 ni 48K, 32767 ni 16K. Toa sauti kwa `tape2wav A-1.tap jaribio.wav`, unganisha laptopu na tundu la EAR, sauti iwe juu, arifa zote zimezimwa. Kingo za skrini zitaonyesha mistari myekundu na samawati wakati wa mlio, kisha ya buluu na njano data ikiingia. Ukipata `R Tape loading error`, badilisha sauti kwanza kabla ya kulilaumu faili.

Weka WAV zote, TAP au TZX, picha za jalada na lebo, na maandishi mafupi ya redio uliyotumia ndani ya folda moja, nakala mbili kwenye diski mbili.