Kutumia kamera ya kina kupanga vihisi vya umeme wa moyo kifuani

Picha ya umeme wa moyo hupatikana kwa kukokotoa kinyumenyume: vihisi vingi vilivyobandikwa kifuani na mgongoni husoma umeme uliofika kwenye ngozi, kisha programu hukadiria ulikotokea moyoni. Hesabu hiyo haiwezekani bila kujua kila kihisi kimekaa wapi, jambo ambalo kamera ya kina, inayopima umbali wa kila nukta inayoiona, huweza kulionyesha bila eksirei. Hata hivyo kamera huona ngozi, haioni mbavu. Ndiyo maana kazi huanza na vidole.

Papasa mfupa wa kidari, hesabu nafasi zilizo kati ya mbavu, na utie alama kwa kalamu. Kihisi cha V1, mojawapo ya vihisi vya kawaida vya kifuani vinavyoitwa V1 hadi V6, hukaa kwenye nafasi ya nne, ukingoni mwa mfupa huo upande wa kulia wa mgonjwa. V4 hukaa kwenye nafasi ya tano, chini ya katikati ya mtulinga wa kushoto. Anayekisia kwa kufuata chuchu hukosea, na hakuna kamera itakayomsahihisha.

Kwa kuwa kamera nyingi za aina hii hutumia miale ya infraredi, ziba mwanga wa jua, futa jasho na jeli iliyosambaa kwa sababu hung'aa, na uondoe vitambaa vyeusi, ambavyo hufyonza miale na kuacha matundu katika umbo la kifua linalojengwa na kamera. Mgonjwa awe katika mkao uleule aliokuwa nao kwenye mashine ya CT au MRI, iliyopiga picha za ndani za kifua na moyo wake, pamoja na mikono, maana kifua cha aliyelala si kile cha aliyeketi. Atoe pumzi na kuizuia kwa sekunde chache huku ukiizungusha kamera polepole. Akishindwa, skani vipande vifupi, kila kimoja mwishoni mwa kutoa pumzi. Uso hauhitajiki, basi usiingie pichani.

Ugumu wenyewe uko katika kuoanisha umbo hilo na picha hizo za ndani, yaani kuviweka vyote katika nafasi moja. Alama tatu zinazoonekana pande zote mbili na zisizo kwenye mstari mmoja hutosha kihesabu, lakini mimi hupendelea sita, mbili kati yake zikiachwa nje ya uoanishaji ili zipime kosa lililobaki. Pima pia kwa utepe umbali wa vihisi viwili. Umbali huo ukitofautiana na ule wa kwenye umbo, rudia skani badala ya kulivuta umbo lilingane. Nyaya zilizobadilishana kamera haizitambui, hivyo soma namba zake moja baada ya nyingine kabla mgonjwa hajainuka.