Blogu Inayolipa Ukiwa Mtwara: Hatua kwa Hatua

Wanaoniuliza habari za blogu huanza na swali lilelile: AdSense, yaani matangazo ya Google yanayowekwa kwenye blogu, inalipa shilingi ngapi? Nitalijibu huko chini, ila nikuambie mapema kwamba kwa blogu ya huku kusini hela ya Google ni hela ya vocha. Hela ya kodi ya nyumba inatoka kwa mwenye duka, mwenye gesti au mwenye kampuni anayetaka kuonekana na watu wanaokusoma wewe. Hatua zote zinazofuata zimepangwa kumfikia huyo.

Hatua ya 1: Chagua jambo ambalo mtu wa Dar hakushindi

Udaku, wasanii na matokeo ya mpira waachie wao. Wana kamera, wana watu, na wakikutangulia dakika tano tu habari yako imeshachacha. Wewe una vitu ambavyo wao huvipata kwa kupiga simu: mnada wa korosho, hali ya barabara, boti za Kilwa, ufuta wa Lindi.

Kila mada ipime kwa maswali mawili. Nani ana shida ya kujua jambo hili, kiasi cha kulitafuta kwenye simu yake? Na nani mwenye hela angependa kukutana na mtu huyo?

Korosho inapita kote kuwili. Mkulima wa Tandahimba anataka kujua bei ya mnada, malipo yanaingia lini, na mikorosho ikishikwa na ugonjwa wa ubwiri unga afanye nini. Wanaomtaka mkulima huyo wamejaa: muuza spea za mashine za kupulizia, muuza bati, wakala wa pikipiki. Safari nazo zinapita. Anayekwenda Kilwa Kisiwani, ambako magofu yake yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981, anatafuta habari za boti, kibali na mahali pa kulala, na mwenye gesti pale Kilwa Masoko anamtafuta yeye.

Sasa chukua Tendaguru. Kisa kitamu kweli: Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria huko Lindi kati ya 1909 na 1913, na mmoja wa wanyama hao amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin hadi leo. Ila ukiuliza nani atalipia tangazo kando ya makala hiyo, kimya. Iandike, itakuletea wasomaji na heshima, lakini usiifanye mada kuu.

Hatua ya 2: Jina na karatasi

Blogger, huduma ya Google ya kuandikia blogu, ni bure na inatosha kuanzia. Unachotakiwa kununua mapema ni jina lako mwenyewe la tovuti, yaani domeni. Zinazoishia na .tz zinauzwa na mawakala waliosajiliwa. Isajili kwa jina lako na barua pepe yako, si ya kijana aliyekutengenezea blogu. Siku mkikosana, mwenye barua pepe ndiye mwenye blogu.

Kisha leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, na ada na makundi ya leseni vimekuwa vikibadilika pamoja nazo. Usitegemee ulichosikia kijiweni. Soma kanuni zinazotumika sasa kwenye tovuti ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, uangalie maudhui yako yako kundi gani kabla hujachapisha. Habari za matukio zina masharti mazito kuliko makala ya kumfundisha mtu kutunza mkorosho, na hiyo ni sababu nyingine ya kukaa kwenye mafunzo na huduma.

Hatua ya 3: Panga mwaka kwa msimu

Hapa ndipo wengi wanapoachia hela. Wanaandika korosho mwezi Oktoba, minada ikianza, wakati kila ukurasa wa Facebook unaandika korosho. Google inahitaji muda kuiona makala yako na kuipandisha, na mwenye duka naye anahitaji muda wa kuamua. Mimi hutanguliza makala wiki sita hadi nane kabla ya shida yenyewe kuanza.

Mikorosho inapoelekea kutoa maua, kuanzia Mei na Juni, watu wanatafuta habari za salfa, dawa ya ubwiri unga, na upuliziaji wake. Kwa hiyo makala ya kupima salfa na ya kutunza mashine iwe hewani Aprili. Hapo ujue jambo moja la biashara: salfa nyingi siku hizi inakuja kama pembejeo za ruzuku, hivyo muuza salfa si lazima awe mteja wako. Mteja ni mwenye spea, oili na fundi wa mashine, maana mashine ikizima katikati ya shamba mkulima hana ruzuku ya hilo. Kuhusu vipimo vya dawa usijitungie. Taasisi ya utafiti ya TARI Naliendele iko hapahapa Mtwara, kazi yake kubwa ni korosho. Nenda ukaulize, na uandike umeambiwa na nani.

Katikati ya mwaka ni ufuta, hasa Lindi, halafu zinafuata mbaazi. Kuanzia Oktoba minada ya korosho inafunguka, malipo yakianza kuingia mkulima anaezeka nyumba, analipa ada, ananunua pikipiki. Anayeuza bati anataka jina lake liwe machoni kabla hela haijafika, si baada. Mfuate Agosti. Ukimfuata Novemba ameshamaliza bajeti yake kwenye redio na gari la matangazo.

Januari hadi Machi, hela ikiwa imepungua mifukoni na mvua zinanyesha, ndio muda wa kuandika makala za akiba. Wageni wa Mikindani, Msimbati na Shimo la Mungu kule Newala hawafuati msimu wa korosho, kwa hiyo makala za safari zinaziba pengo.

Hatua ya 4: Andika jibu

Kichwa kama "Bei ya korosho yapaa" hakimsaidii mtu. Mkulima anataka: mnada wa chama kikuu cha ushirika kipi (TANECU, MAMCU, RUNALI au Lindi Mwambao), tarehe gani, bei ya juu ngapi, ya chini ngapi, tani ngapi zimeuzwa, na makato yakishatoka anabaki na nini mkononi. Hilo la mwisho ndilo wengi hawaliandiki, kwa sababu linataka hesabu. Lifanye wewe. Chukua kilo 500, zidisha kwa bei, toa kila tozo kwa jina lake, onesha kinachobaki. Mwakani unabadilisha tarakimu tu.

Bei isichukuliwe kwenye magrupu ya WhatsApp. Minada sasa inaendeshwa kupitia soko la bidhaa la TMX na matokeo yanasomwa mbele ya wakulima. Kama huwezi kufika, mpigie katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika. Ukikosea bei mara moja, mkulima anaweza kukurupuka kumuuzia mtu wa kangomba, mlanguzi anayenunua nje ya mnada, kwa kudhani soko limeanguka, na hapo umemtia hasara ya mwaka mzima.

Kwa safari ni vilevile. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua na barabara ya Dar kwenda Lindi na Mtwara ikakatika maeneo ya Somanga, kila mwenye tiketi ya basi alitaka kujua kitu kimoja: gari zinapita au hazipiti? Makala ya siku kama hiyo inaanza na jibu kwenye sentensi ya kwanza, na saa uliyolithibitisha. Historia ya daraja iwekwe chini kabisa kama ni lazima.

Picha zipunguze ukubwa kabla ya kuzipandisha. Msomaji wako yuko Kitangari na bando la siku. Na ukimpiga mtu picha, muombe ruhusa. Tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, achilia mbali adabu.

Hatua ya 5: Tenganisha kukusanya na kuandika

Siku ya kukusanya ni ya miguuni: shambani, stendi, bandarini, ofisi ya chama. Siku hiyo siandiki. Narekodi sauti kwenye simu, napiga picha, najaza daftari. Siku ya kuandika sitoki na simu iko mbali, bando limezimwa. Alfajiri hadi saa nne asubuhi ndio muda wangu, kabla joto la Mtwara halijakaa vizuri na kabla watu hawajaanza kupiga simu. Wewe tafuta wako, ila usiuchanganye na kujibu meseji.

Andika nje ya mtandao kwanza, kwenye programu ya kawaida ya maandishi, ndipo uhamishie kwenye blogu. Mei hiyohiyo ya 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba karibu nchi nzima. Mwenye rasimu kwenye simu yake aliendelea na kazi. Umeme ukikatika pia, rasimu haina habari.

Takwimu za wasomaji nazitazama mara moja kwa wiki. Kuzichungulia kila saa ni uvivu uliovaa suti.

Hatua ya 6: Hela

Tuanze na AdSense kama nilivyoahidi. Malipo hayatoki mpaka ufikishe dola 100. Ukifikisha dola 10, Google inatuma barua yenye PIN kuthibitisha anwani yako, kwa hiyo uwe na sanduku la posta linalofanya kazi, au uombe la mtu unayemwamini. Hesabu yake: tuseme unapata dola 1 kwa kila kurasa 1,000 zinazosomwa. Kufika dola 100 unahitaji kurasa 100,000. Kwa blogu ya wilaya tatu hiyo ni safari ndefu. Iweke, isahau.

Sasa mwenye duka. Kabla ya kumfuata, piga picha ya takwimu zinazoonesha makala inayomhusu imesomwa mara ngapi na kutoka wapi. Halafu mtumie ujumbe mfupi:

"Shikamoo mzee. Mimi ndiye ninayeandika blogu ya korosho. Makala yangu ya kutunza mashine za kupulizia inasomwa sana Newala na Tandahimba. Naomba nije dukani Jumatano nikuoneshe kwenye simu, tuzungumze jinsi jina la duka lako linavyoweza kukaa pale msimu huu."

Bei usiitaje hapo. Itaje dukani, baada ya yeye kuona. Uza kwa msimu au kwa mwezi, si kwa posti moja: posti moja ikipita bila simu kupigwa atasema blogu haifai, lakini miezi mitatu inatosha mtu kuja na kusema "nimeona kwenye simu". Mwombe awaulize wateja wamemjua vipi. Jibu lao ndilo litakalouza msimu ujao.

Makala ya kulipiwa iandikwe juu kabisa neno TANGAZO. Kamari, mikopo ya haraka ya mtandaoni na wanunuzi wa kangomba nawakatalia hata wakilipa mara mbili. Wanawinda wasomaji walewale ninaowauzia uaminifu.

Kuna njia ya tatu, ambayo binafsi naipenda kuliko zote: kuuza mkono wako. Gesti nyingi za Mikindani na Kilwa Masoko hazina hata ukurasa wenye bei na namba ya simu iliyo hai. Waandikie maelezo, wapigie picha, watoze kazi hiyo kivyake. Blogu ndiyo sampuli yako.

Pokea kwa lipa namba, toa risiti, uwe na TIN, namba ya mlipakodi. Kampuni ikikulipa kwa huduma itakata kodi ya zuio, kwa kawaida asilimia 5; dai cheti chake, utakihitaji kwenye hesabu za TRA. Malipo yatangulie tangazo. Kwa mzee anayeomba alipe "mambo yakikaa sawa", pokea nusu, mwandikie tarehe ya nusu ya pili kwenye karatasi msaini wote wawili. Tarehe ikipita, shusha tangazo siku hiyohiyo, kisha mpigie kumsalimia. Atauliza mwenyewe limeenda wapi.