Kabla hujajaza fomu ya kurasimisha ujuzi wako

Fundi aliyeanza kwa kubeba karai, akashika mwiko, na leo anasimamisha nyumba kuanzia msingi hadi lenta, anaujua uashi. Akifika kwa mkandarasi mkubwa, anaulizwa cheti. Kwa watu kama yeye VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi Tanzania iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: harudishwi darasani kufundishwa anachokijua, anapimwa. Ninavyoona mimi, wengi wanaokwama mikono yao iko sawa kabisa. Kinachowaangusha ni kufika bila ushahidi na bila maneno ya kuelezea kazi yao.

Chagua fani moja kwanza. Mtaani mtu huyohuyo anajenga, anapiga plasta, anaweka vigae na kuvuta bomba, na hakuna ubaya. Lakini tathmini inafuata viwango vya fani husika, na vyeti vya ufundi stadi vinapanda ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Ombea ile unayoweza kuithibitisha zaidi, hata kama siyo inayolipa zaidi kwa sasa. Hakikisha pia jina la kwenye fomu ndilo lililo kwenye kitambulisho cha NIDA. Fundi anayejulikana mtaa mzima kwa jina la utani anaweza kuwa na barua tatu za sifa zenye majina matatu tofauti.

Ushahidi ndio unaodai muda, kwa hiyo uanze miezi kadhaa kabla. Picha ya nyumba iliyokwisha kupakwa rangi haimwambii mpimaji kitu. Piga picha mtaro wa msingi kabla haujamwagwa zege, nondo zikiwa zimefungwa, kozi za tofali zikipanda, kona ikiwa na timazi. Mwombe mwenye nyumba ruhusa, na uandike tarehe na mahali. Kisha tafuta barua: ya mkandarasi uliyemfanyia kazi, ya fundi mkuu aliyekulea, ya mwenye nyumba. Barua inayosema "ni kijana mzuri na mwaminifu" haisaidii sana. Inayosema ulijenga nini, mwaka gani, kwa muda gani, ukiwa msaidizi au msimamizi, hiyo ina uzito. Iwe na namba ya simu inayopatikana.

Halafu kuna swali la "kwa nini". Chukua kupiga kona. Fundi anapima futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, anavuta ulalo. Ukisoma 5, kona imekaa skwea, yaani pembe ya nyuzi 90. Amefanya hivyo maisha yake yote na nyumba zake zimenyooka. Mpimaji anaweza kumuuliza: jengo likiwa kubwa utaendelea na vipimo hivyohivyo? Jibu sahihi analo mkononi, kwa sababu kazini huwa anatumia 6, 8 na 10, akijua kwamba pande fupi hukuza kosa kadiri kamba inavyokwenda mbali. Ila hajawahi kulitamka. Ndivyo ilivyo pia kwa zege la 1:2:4. Aeleze kwamba ni saruji, mchanga na kokoto, kwamba maji yakizidi zege linapoteza nguvu hata kama linamwagika kirahisi, na kwamba baada ya kumwaga linamwagiliwa siku kadhaa ili likomae bila kupasuka. Mazoezi mazuri ni kumfundisha saidia fundi kwa sauti ukiwa kazini, kila hatua na sababu yake. Nathamini sana zoezi hili, maana linamfaidia na yule kijana.

Usalama wengi wanaupuuza. Kofia ngumu, buti, jukwaa lililofungwa vizuri: vitumie kabla ya siku ya kupimwa, ili siku hiyo visikupe shida.

Mwajiri naye ana wajibu. Akitaka wafanyakazi wake wapimwe, awape siku hiyo bila kuwakata posho, awaandikie barua za kazi walizofanya, na awaahidi mapema kwamba matokeo hayatatumika kumpunguza mtu. Bila ahadi hiyo, wazoefu kuliko wote ndio watakaojificha, na sitawalaumu.

Uliza pia cheti kitakufungulia mlango gani. Kwa fundi umeme, kufunga nyaya kunahitaji leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na leseni hiyo inadai sifa za kitaaluma, kwa hiyo cheti ni hatua ya kwanza kati ya mbili. Kama unawaza kazi Kenya, wenzetu wana majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, daraja la III hadi la I. Usidhani cheti chako kitapokelewa bila kuulizwa.

Ukiambiwa bado hujafikia kiwango, usiondoke kimya. Omba uandikiwe ni vipengele gani vimepungua. Mara nyingi ni pengo dogo, kama kusoma ramani au kukadiria vifaa, ambalo mafunzo ya muda mfupi yanaweza kuliziba, na vile ulivyovipita uombe vibaki kwenye kumbukumbu hadi utakaporudi kupimwa vilivyosalia.