Gonga kidole uhesabu mizani
Ukitaka kujua kama mshororo, yaani mstari wa shairi, umetimia mizani (idadi ya silabi zake), usome polepole kwa sauti huku ukigonga meza kwa kidole kila unapotamka irabu. Njia hii hufaa kwa sababu silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwenye irabu moja, hivyo "kaa" hugongwa mara mbili, ilhali "nyu" au "mbwe", pamoja na konsonanti zake zote, hugongwa mara moja tu. Penye hila ni m na n zinazosimama kama silabi kamili: kipande "mtu mwema hachukiwi" kina irabu 7, lakini mizani yake ni 8, kwani m ya "mtu" nayo hugongwa. Hapo sikio ndilo liamue, maana maandishi hudanganya: "mbaya" katika "mtu mbaya" ina mizani 3, na katika "nguo mbaya" ina 2. Kanuni huyumba zaidi kwenye maneno ya mkopo kama "daktari", ambamo mshairi mmoja huihesabu k na mwingine huipita. Basi tazama kwanza beti zake nyingine kabla ya kudai kwamba amepunguza mizani.